Kumbukumbu ya mradi wangu, wiki ya 6: ufunguo wa kigeni uliopotea njia

Zana ninayoiandika kwa Python, ambayo kazi yake ni kuzigeuza safumlalo za SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa katika faili moja, kuwa vitu vya programu, iliianza wiki hii ikiwa imefaulu majaribio yote, huku ikijibu uongo. Katika orodha yangu ya kanda za taarab, ufunguo wa kigeni wa jedwali la nyimbo (safuwima inayouunganisha wimbo na kanda yake) haurejelei ufunguo msingi wa kanda, yaani namba ya kipekee ya kila safumlalo, bali namba iliyoandikwa kwenye jalada, ambayo haijirudii. Kanda ya jalada namba 7 ina ufunguo msingi 3. Nilipoomba nyimbo zake, nilipewa za jalada namba 3. Laiti ningerudishiwa orodha tupu, ningeshtuka mapema.

Chanzo kilikuwa katika kitendaji (kipande cha programu) kinachotunga sharti la WHERE, lile la kuchuja safumlalo, ambacho kila kilipopokea kanda nzima badala ya namba yake kilichukua ufunguo msingi moja kwa moja. Majaribio hayakulinasa kosa hilo kwa sababu data yake niliipanga mwenyewe kwa unadhifu wa kijinga, jalada namba 1 kwa ufunguo 1, namba 2 kwa 2, hata thamani hizo hazikupata kutofautiana. Sasa kitendaji hutazama kwanza uhusiano unarejelea safuwima ipi, na majalada ya majaribio yanaanzia namba 500.

Kosa la pili lilikuwa jepesi: nilipobadilisha namba ya jalada katika wimbo, zana iliendelea kunipa kanda ya awali iliyokwisha kuiweka akiba. Mistari minne ilitosha.

La tatu lilinila jioni mbili. Nilitafuta kanda zisizo na wimbo hata mmoja kwa NOT IN, sharti la "haimo katika orodha hii", nikapata orodha tupu, ilhali kanda za namna hiyo zipo. Baadhi ya nyimbo hazina kanda, hivyo safuwima ya namba ya jalada katika nyimbo hizo ina NULL, yaani haina thamani, na katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kulinganisha thamani yoyote na NULL hakutoi jibu la kweli wala la si kweli. NULL moja tu huizuia NOT IN kupitisha safumlalo yoyote. Nimehamia NOT EXISTS, inayouliza tu kama hakuna wimbo unaolingana na kanda.

Aidha, SQLite kwa kawaida haisimamii funguo za kigeni mpaka PRAGMA foreign_keys, amri ya mipangilio yake, iwashwe katika kila muunganisho. Nilipoiwasha na kuendesha PRAGMA foreign_key_check, inayotafuta marejeleo yaliyovunjika, nyimbo 4 zilionekana zikirejelea kanda nilizozifuta zamani. Bado sijazigusa, kanda zenyewe zimo kabatini, na nitayasoma majalada kwanza.