Siku moja na kipimajoto cha Darasa la Tano

Saa 11:30 alfajiri. Maji ya chai yako jikoni, mimi nachora. Picha nne kwenye vipande vya boksi: jiko, sufuria, kipimajoto, mvuke. Darasani nina wanafunzi 71, watano kati yao herufi zinawasumbua. Ukiwaambia "pasha maji, pima, kisha andika", hatua mbili zinapotea njiani. Picha wanazishika. Nilipokuwa nasomea elimu maalumu hapa chuo cha ualimu Patandi nilidhani zana kama hizi ni za hao watano tu. Kumbe darasa zima linazigombea.

Saa 1:15. Mama mmoja ananisubiri langoni.

"Mwalimu, huyu mwanangu si tumpeleke tu shule ya wenzake?"

"Mama, wenzake wako hapa."

Saa 3:20, somo la Sayansi. Kwenye kipimajoto nimepaka rangi ya kucha kila baada ya nyuzi 10, maana vile vistari vidogo huwachanganya. Makundi yanakuja kwa zamu, nami nimesimama kati yao na jiko. Wengi wameshaandika 100 hata maji hayajachemka, wameisoma kitabuni. Mtoto wa yule mama, ambaye kitabu kinamshinda, ameinama anatazama.

"Mwalimu, imegoma. Tisini na tano."

Darasa linacheka. Naongeza moto, tunangoja. Maji yanatokota, kipimajoto hakipandi. Kicheko kinakufa chenyewe. Ndipo ninapowaeleza: Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huku hewa inayakandamiza maji kidogo kuliko kule pwani, kwa hiyo yanachemka mapema. Tanga wangepata 100. Mwenzao ameona sawasawa. Natamani mama yake angekuwepo.

Saa 5:00. Jaribio fupi. Wale watano wananijibu kwa mdomo. Mwalimu mwenzangu anasema huo ni upendeleo. Sikubali hata kidogo: swali linauliza habari za maji, haliulizi tahajia.

Saa 8:30 mchana. Nasahihisha madaftari. La mtoto wa yule mama lina mchoro safi wa sufuria, mvuke juu, na pembeni ameandika 59. Kalamu nyekundu inasita. Natoka mbio, namkuta karibu na geti.

"Nisomee hapa."

"Tisini na tano, mwalimu."

Naweka vema.