Kesi ya Bando

Ikifika Novemba, Mtwara hela za korosho zinakuwa mtaani, na kila mwisho wa wiki kuna shughuli: hapa harusi, pale anatolewa mwali. Mwaka 2019 mimi nilikuwa nahariri video za shughuli hizo. Kompyuta ya mezani niliiweka chumba cha nyuma, nyumbani kwetu Chikongola, ubavu mmoja nimeufungua kwa sababu ya joto na feni inaupulizia. Intaneti ilitoka kwenye rauta ndogo ya laini ya simu, juu ya kabati la vyombo sebuleni. Kompyuta haikuja na waifai, kwa hiyo nyuma yake nilichomeka kile kidude cha USB kisichozidi ukucha wa dole gumba.

Asubuhi mambo yalikuwa safi. Kuanzia saa kumi na moja jioni mtandao ulikufa. Alama ya waifai ipo, lakini ukurasa haufunguki. Mteja yuko Dar es Salaam anasubiri kipande cha dakika tatu, mimi nakitazama kimekwama asilimia 12.

Saa kumi na moja ndiyo saa aliyokuwa akirudi mdogo wangu. Alikuwa kidato cha pili, ana simu yenye kioo kilichopasuka, na akishavua sare anajilaza mkekani barazani na simu yake.

"Unanimalizia bando wewe."

"Kaka, mbona kwangu inafungua vizuri tu?"

Nikaona huo ndio ushahidi wenyewe. Kwake inafungua, kwangu haifungui. Nani basi anayekula? Leo nikiikumbuka ile sentensi naona aibu, maana jibu lote lilikuwa ndani yake. Simu na kompyuta zinakunywa kisima kimoja. Mmoja akipata maji na mwingine asipate, kisima hakina kosa.

Si kwamba sikuhangaika. Niliondoa draiva, ile programu inayokiendesha kidude, nikaiweka upya. Niliingia kwenye mipangilio nikaondoa alama kwenye kile kisanduku kinachoiruhusu Windows kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Nilihamisha chaneli ya rauta kutoka 6 kwenda 11, nikafikiri labda waifai ya jirani inatuingilia. Mama alishauri rauta ishushwe kabatini kwa kuwa sufuria zake zinaizuia, nikaishusha. Jioni, kifo kilekile.

Mwishowe nikabadilisha nywila, dogo nikamwacha nje. Hakusema kitu. Alichukua daftari lake akatoka.

Jioni ile nilifungua ukurasa wa rauta: kifaa kilichounganishwa kimoja tu, changu. Nikakaa vizuri kitini nisubiri raha. Nikaanza kunakili picha za harusi ya Jumamosi kutoka kwenye diski ya nje, gigabaiti 60, huku nimefungua dirisha jeusi la amri na kuipima rauta kwa ping, amri inayoonyesha rauta inachukua muda gani kujibu. Majibu yalikuwa yakirudi kwa milisekunde 2 au 3. Punde si punde yakawa 400, kisha 900, kisha hakuna jibu kabisa.

Nikashika mausi nisimamishe. Na mausi nayo, isiyo na waya, ikawa inarukaruka kama kuku aliyekatwa shingo.

Hapo ndipo akili ilipokuja. Mausi haihusiki na bando. Nikachomoa diski: milisekunde 2. Nikaichomeka, nikaanza kunakili tena: kimya. Nilirudia mara sita au saba, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Diski niliichomeka kwenye tundu la USB 3.0, lile lenye ulimi wa bluu ndani, na kidude cha waifai kiko tundu la pembeni yake, karibu vinagusana. USB 3.0 inasafirisha data kwa kasi ya hadi gigabiti 5 kwa sekunde, na kasi hiyo inamwaga kelele za redio ambazo zinaangukia palepale kwenye gigahezi 2.4. Ndipo waifai yangu ilipokuwa ikizungumza, na mausi pia. Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta, walishaliandikia jambo hili tangu 2012. Na mimi diski niliichomeka kila siku saa kumi na moja, jua likishapoa chumbani, ndipo ninapoanza kunakili.

Ningeweza kuihamishia diski tundu jeusi la zamani, lakini gigabaiti 60 huko zingekwenda polepole zaidi. Asubuhi nikaenda sokoni, nikanunua waya wa kurefushia USB wa mita moja. Kidude nikakivuta mbali na kompyuta, nikakifunga kwa uzi kwenye nondo ya dirisha. Diski ikanakili mpaka mwisho, kipande cha dakika tatu kikaenda Dar.

Jioni nilimwandikia dogo nywila mpya kwenye karatasi, nikampelekea barazani. Alikuwa anakula ming'oko, akafuta vidole, akaisoma.

"Haikuwa wewe," nikamwambia. "Ni diski."

"Diski gani?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akatafuna polepole.

"Sasa kaka, lile bando nililonunua kwa hela yangu ya nauli, analipa nani?"

Nikaingiza mkono mfukoni.