Jinsi nilivyojibu uvumi dhidi ya Wayahudi katika ushirika wetu wa Pittsburgh

Katika ushirika wetu wa Wakongomani hapa Pittsburgh, ambako sala, nyimbo na hata magomvi huendeshwa kwa Kiswahili, kikundi chetu cha WhatsApp kiliwahi kujaa video zilizodai kwamba Wayahudi ndio wenye benki zote za dunia, kwamba ndio waliomuua Yesu, na kwamba wao ndio wapangaji wa vita vya Kivu. Mimi ni mkalimani, na wengi wa waliokuwa wakizisambaza ni watu niliowakalimania hospitalini na mahakamani, kwa hiyo sikuwa tayari kuwaita wajinga, na wala si wajinga. Niliwaomba wazee wa kanisa saa ya mafundisho baada ya ibada, wakanipa.

Nilianza na jambo lililotokea jirani nasi. Jumamosi, tarehe 27 Oktoba 2018, mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi la Tree of Life, mtaa wa Squirrel Hill, ambamo jumuiya tatu zilikuwa zikisali, akaua watu 11. Hilo wengi walilijua. Wasilolijua ni sababu. Muda mfupi kabla ya kuingia, aliandika mtandaoni kwamba shirika la HIAS linaleta wavamizi nchini. HIAS ni shirika la Kiyahudi lililoanza New York kwa kuwapokea Wayahudi waliokimbia mateso ya Urusi, na siku hizi huwahudumia wakimbizi wa kila dini, wakiwemo baadhi yetu waliopita katika ofisi yake ya Nairobi. Dor Hadash, mojawapo ya jumuiya zile tatu, ilikuwa imetoka kushiriki Sabato maalumu ya wakimbizi iliyoandaliwa na HIAS. Wavamizi hao, basi, ni watu kama sisi tuliokuwa tumeketi pale. Ukumbi ulinyamaza, kisha mama mmoja akauliza mbona hatukuwahi kuambiwa.

Sikumwalika Myahudi yeyote aje kujitetea. Aliyesambaza uvumi ndiye anayepaswa kuuthibitisha, naye alikuwa mmoja wetu.

Dai la benki ndilo lililotuchukua muda mrefu. Nilieleza kwamba mzizi wake mmoja ni maandishi yaitwayo Itifaki za Wazee wa Sayuni, yaliyotolewa katika gazeti moja la Urusi mwaka 1903 kana kwamba ni siri za mkutano wa Wayahudi, na kwamba mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha, kwa kulinganisha vifungu, kwamba sehemu kubwa iliibwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1864 kilichomshambulia Napoleon wa Tatu, mtawala wa Ufaransa wakati huo. Hata hivyo, kilichowagusa zaidi ni mfano wa kwetu. Desemba 1990 gazeti la Kangura la Rwanda lilichapisha zile Amri Kumi za Wahutu, zilizodai kwamba kila Mtutsi ni mdanganyifu katika biashara na kwamba lengo lake ni kutawala wengine. Wapo kati yetu ambao ndugu zao waliuawa kwa maneno ya aina hiyo, nao hawakuhitaji maelezo zaidi.

Kuhusu Yesu, niliwakumbusha Wakatoliki waliokuwepo kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulikataa mwaka 1965 kuwabebesha Wayahudi wote lawama hiyo. Mama mwingine alinikata kauli: “Baba, kwani Yesu mwenyewe alikuwa kabila gani?”

Kijana mmoja aliuliza kuhusu Gaza, na sikumkwepa. Nilimwambia kwamba serikali ya Israeli hukosolewa kama serikali nyingine yoyote, na wapo Wayahudi wengi wanaoikosoa, lakini kumdai bibi anayesali Squirrel Hill majibu ya serikali hiyo ni sawa na kumdai Mkongomani wa Nairobi majibu ya kila kundi lenye silaha Kivu.

Lililobaki gumu ni sifa. Mzee wetu mmoja, ambaye ameacha kabisa kutuma video hizo, bado humwambia kila kijana anayefungua duka kwamba ana akili za Kiyahudi. Nimemweleza kwamba hilo ni lile dai la benki likiwa limevalishwa nguo za Jumapili. Yeye anasema ni pongezi, na mjadala wetu unaendelea.