Kafi la mjomba
Sisi wa Moshi hatuna bahari, lakini tuna Bwawa la Nyumba ya Mungu, linalopokea maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu. Hapo ndipo mjomba aliponifundisha kupiga kafi, lile kasia fupi la mtumbwi, likizo ya darasa la sita.

Wiki nzima mtumbwi ulizunguka palepale. "Usiyapige maji mwanangu, yavute," akanishika kiwiko. Kumbe siri ni mwishoni: unageuza kidogo ubapa wa kafi kwa nje, na omo, yaani ncha ya mbele ya mtumbwi, inanyooka. Asubuhi moja ilinyooka kuelekea Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Jamani, furaha niliyoipata!

Upepo wa kurudi ukivuma, mjomba alitweka kipande cha turubai kama tanga, mimi nashika kafi nyuma kama usukani, miguu kwenye maji yanayonuka perege. Harufu ile naipenda hadi leo.