Zamu za sikukuu ya Idi katika hospitali ya Pemba

Ugumu wa kupanga zamu za Idi el Fitri ni kwamba tarehe yake haijulikani mpaka jua la mwezi 29 Ramadhani limezama. Mwezi ukiandama, sikukuu mosi ni kesho. Usipoandama, tunakamilisha 30. Katika hospitali yetu ya wilaya hapa Pemba, ambako madaktari ni wachache, niliandaa orodha mbili za zamu tangu kumi la mwisho lilipoingia na kuzibandika pamoja katika chumba cha wauguzi, ili tangazo likitoka usiku kila mtu awe anajua zamu yake. Wenzetu Wakristo waliotoka Bara walikubali kushika asubuhi ya Idi, wakati ambao sisi tunasali na kuwatembelea wazee, nami nikajiandikia usiku wake pamoja na tarehe 25 Disemba. Naona hiyo ni haki yao, si fadhila ya kuombwa.

Usiku wa sikukuu huleta vijana walioanguka na bodaboda wakirudi kutoka viwanja vya sikukuu vya Tibirinzi, lakini wanaonishughulisha zaidi ni wazee wenye sukari na presha. Alifika bibi mmoja, midomo imemkauka, vidonge vyake amevifunga katika pindo la kanga, na kipimo cha sukari kikasoma zaidi ya 25 mmol/L, yaani juu sana. Nilipomuuliza dawa amekunywa saa ngapi, alinijibu, “Nilikuwa nakunywa daku, mwanangu. Leo hakukuwa na daku.” Dawa hazikuwa zimemwishia, ulioondoka ni wakati aliouzoea, na siku hiyohiyo alikuwa amekirimiwa halua katika kila nyumba aliyoingia. Tulimtundikia dripu ya maji ya chumvi, tukampa insulini ya kufanya kazi haraka na kumpima kila saa, na kufikia alfajiri alikuwa anazungumza vizuri.

Tangu hapo, katika wiki ya mwisho ya Ramadhani, naandika kwenye kadi ya kliniki ya kila mgonjwa wa aina hiyo dawa za siku ya Idi kwa kufuata mlo: chai ya asubuhi badala ya daku, chakula cha usiku badala ya futari. Kwa anayejichoma insulini nahesabu dozi upya, kwa sababu ile ya daku huwa imepunguzwa ili sukari isishuke wakati wa kufunga. Maelezo hayohayo nampa na anayempikia, maana mara nyingi ndiye anayemkumbusha.