Mzee aliyegoma kutaja jina

Hii nisipoiandika nitaisahau. Nilipokuwa naishi Chicago kuna jumamosi nilijitolea kwenye siku ya kuskani, yaani watu wanakuja na picha zao za zamani, barua, beji, vipeperushi vya disko, chochote kinachohusu maisha ya magei wa mji ule, sisi tunaskani palepale na wao wanaondoka na vitu vyao. Hatubaki na kitu. Wazee wengi hawako tayari kuachia boksi lao kwa mtu wasiyemjua, nawaelewa, ila shida ni kwamba mtu akifariki ndugu wanakuja kusafisha nyumba na lile boksi linaenda jalalani bila hata kufunguliwa, kwa hiyo bora uwe na kopi mapema.

Bosi wetu alikuwa mama mmoja mkutubi mstaafu, mkali huyo acha tu. Asubuhi katupiga darasa: picha inaskaniwa kwa dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi), faili la TIFF ndo la kutunza, JPEG ndo la kupeleka mtandaoni, rababendi na pini zenye kutu toa, nyuma ya picha hakuna kuandika kwa peni, penseli tu tena bila kukandamiza. Halafu zile albamu za miaka ya sabini zenye kurasa za gundi, ukivuta picha inachanika, akatuonyesha unavyopitisha uzi wa kusafishia meno kati ya picha na ukurasa, unausogeza polepole mpaka picha inaachia yenyewe. Nilidhani anatutania aisee, kumbe ndo inavyofanyika.

Basi mchana akaja mzee mmoja na fimbo yake, picha zake kazifunga kwenye taulo. Ya kwanza aliyonipa ilikuwa ya maandamano ya magei ya tarehe 27 Juni 1970, walianzia Washington Square Park, wenyeji wanapaita Bughouse Square, wakaishia Civic Center katikati ya mji. Kabla sijafungua kifuniko cha skana akaniambia kijana, andika kwanza kwamba sisi tuliandamana siku moja kabla ya New York. Na ni kweli, wale wa New York walitoka tarehe 28, ila ukiwasikiliza watu utadhani dunia nzima ilianzia kwao.

Kwenye picha yuko yeye, nywele mpaka mabegani, na pembeni yake jamaa mwingine kashika bango juu kidogo kuliko inavyotakiwa, limemfunika uso kuanzia puani kwenda chini. Nikafika kwenye fomu, sehemu ya majina ya waliomo. La kwake akalitamka herufi moja moja nisikosee. La mwenzake akasema hapana.

Nikamwita yule mama bosi wetu. Mama akakaa chini, akamwambia mzee wangu, picha isiyo na majina baada ya miaka 50 ni watu wawili barabarani tu, nani atajua ni akina nani? Mzee akamuuliza kama anaikumbuka Fun Lounge. Mama alikuwa anaijua vizuri, mi ndo nilikuwa sijui chochote. Illinois ilifuta sheria ya kuwafunga mashoga mwaka 1961, jimbo la kwanza Marekani nzima, ikaanza kutumika 1962, lakini polisi hawakuacha, na mwaka 1964 walivamia hiyo baa nje kidogo ya mji wakakamata watu zaidi ya 100, halafu majina yakatoka kwenye magazeti. Huyo jamaa wa bango alikuwa mwalimu, alikamatwa usiku ule. Mzee akasema jina lake limeshachapishwa mara moja bila kuulizwa, pamoja na kazi yake na mtaa anaokaa, kazi akapoteza, sasa mnataka nilichapishe mara ya pili? Jamaa mwenyewe alishafariki ila ana dada yake yupo hai, na huyo dada hiyo habari haitaki kabisa.

Mama naye hakukubali kirahisi, na mi mpaka leo naona hoja yake ilikuwa na uzito. Akamkumbusha Henry Gerber, yule mfanyakazi wa posta aliyesajili chama cha kutetea mashoga hapohapo Chicago mwaka 1924, cha kwanza kujulikana Marekani. Mwaka uliofuata polisi wakamvamia, wakabeba karatasi zake zote, posta wakamfukuza. Alikuwa na kajarida kake, Friendship and Freedom, toleo mbili tu, na leo hakuna kopi hata moja inayojulikana kubaki, tunajua sura yake kwa sababu linaonekana kwenye picha moja ya zamani limelazwa pamoja na majarida mengine ya aina hiyo. Mama akasema unaona, tukikaa kimya wote tunawamalizia kazi wale polisi.

Mzee akafikiri weee. Halafu akaniuliza hiyo mashine yenu inarekodi na sauti?

Tukamwekea simu mezani, na foleni nyuma yake inanuna, akaanza kumwelezea huyo jamaa. Alifundisha hesabu, alikuwa mbahili kupindukia, chai hakuwa anakunywa mpaka ipoe kabisa. Na Aprili 1970 wale vijana wa Chicago Gay Liberation, kikundi cha magei wa mji ule, walipokodi Coliseum, ukumbi mkubwa kabisa, ili mashoga na wasagaji wacheze dansi hadharani, jamaa alikuja na koti lake, akasimama ukutani karibu usiku mzima anaangalia mlango, mpaka karibu na mwisho ndo akalivua koti akampa mzee amshikie, akaingia katikati, na mzee anasema hakuwa anajua kucheza hata kidogo. Hapo akacheka mpaka akakohoa. Yote aliyasema isipokuwa jina. Hata mama alivyomtegeshea swali kwa mbali, wanafunzi wake walikuwa wanamwitaje, akamjibu walikuwa wanamwita mwalimu.

Mwisho wakakubaliana picha iskaniwe kwa ubora wote na itunzwe, ila mtandaoni isiende mpaka dada naye awe ameondoka, rekodi ya sauti ruksa. Mama akaniambia kwenye sehemu ya jina niandike "hajulikani", ndo utaratibu. Mzee akagonga fimbo chini, yaani hajulikani vipi wakati mimi namjua? Wakabishana tena hapo, mama anasema programu ina machaguo mawili tu, mzee anasema basi programu yenu mbovu.

Nikaandika "anajulikana, jina halitolewi". Mama akasoma juu ya bega langu, akasonya, akaniambia sevu, ita anayefuata.