Siku moja ya utingo: "Zito hivi litaenda wapi?"

Saa 11 alfajiri niko chini ya lori, nachomoa kabari kwenye tairi za nyuma. Watu wakisikia utingo wanamwona mtu wa misuli na kelele, anayening'inia nyuma ya gari kwa kupenda sifa. Misuli ipo, sikatai. Ila kazi yenyewe ni kujua mapema kila kitu kilichomo kwenye bodi kitataka kwenda wapi suka akikanyaga breki.

Saa 12 mpaka saa 2 tulikuwa na saruji, mifuko 200 ya kilo 50. La kusimulia ni moja tu. Lori tupu linachomoka kama linakimbia deni. Lipakie tani 10, injini ileile, mguu wa suka uleule, linaondoka kwa kujikokota. Shuleni tuliandika kwamba kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) ni tungamo (wingi wa maada kwenye kitu) mara mchapuko (kasi inavyobadilika kila sekunde), nikapata vema, nikasahau. Siku hizi naikumbuka kwa mgongo.

Saa 3 akaja mtu wa kuhama nyumba.

Alikuwa na kabati la milango mitatu, mmoja wa kioo kitupu. Tulilipandisha watu wanne tukihema. Nikashika kamba.

"Kijana, weka chini hizo. Zitanikwaruzia vanishi."

"Tutatanguliza blanketi, mzee. Kamba haitagusa mbao."

"Nimeshasema. Mmelibeba wanne mnataka kufa. Zito hivi litaenda wapi?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu. Watu wanadhani kitu kizito ni kitulivu. Si kitulivu, ni kikaidi. Kikiwa kimekaa, kukianzisha ni shughuli. Kikiwa mwendoni, kukisimamisha ni shughuli ileile. Na kabati lililo ndani ya lori la kilomita 50 kwa saa, hata likisimama wima kama askari wa gwaride, nalo linakwenda kilomita 50 kwa saa.

Tulibishana karibu nusu saa. Suka akachoka: "Dogo, mali ni yake, twende." Mzee alipogeuka kupokea simu nikapenyeza godoro kati ya kabati na ukuta wa mbele wa bodi. Sikumwambia.

Pikipiki ikatukatiza kwenye njia panda. Kwa mwendo ule lori linameza karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo suka hakuwa na muda wa kuwa mpole. Akakanyaga. Lori likatii, kabati halikutii. Lilikuja mbele kwa mlio wa miguu ya mbao ikikwaruza bati, likajitupa kwenye godoro, kioo kikapata ufa kutoka kona ya chini. Kidole changu cha kati kilibaki kati yake na ubao wa pembeni. Kucha sasa ni nyeusi.

Mzee akashuka upande wa abiria kama moto. "Nani kalisukuma?"

Nilitamani kucheka. Hakuna aliyelisukuma! Kati ya kanuni tatu za mwendo alizochapisha Isaac Newton mwaka 1687, ya kwanza ni hiyohiyo: kilicho mwendoni kitaendelea na mwendo wake, kwa mstari ulionyooka, mpaka kani ikizuie. Kabati lilikuwa linaendelea na safari yake. Lina kama kilo 100, na lori lilichukua takriban sekunde tatu mpaka likasimama. Kulizuia kulihitaji nguvu ya mtu anayeshikilia mzigo wa kilo 47 hewani. Msuguano wa miguu minne juu ya bati hauna nguvu hiyo. Kamba ingekuwa nayo. Nilimweleza nusu ya haya, akasema mimi ni mjuaji.

Kushusha ndiko kulikonimaliza. Nyumba mpya ilikuwa imetoka kupigwa deki, na soli za viatu vyangu hazina meno tena. Nikaegemea friji nikasukuma. Friji limetulia, miguu yangu inarudi nyuma. Ukisukuma friji, nalo linakusukuma vilevile, na ni sakafu tu inayokupa pa kujizuia. Sakafu ikilowa huna kitu. "Sukuma, kijana!" Nikavua viatu. Peku, friji likagoma, likagoma, halafu likakubali ghafla, na kutoka hapo likawa jepesi. Usiruhusu lisimame tena, ndiyo siri yenyewe.

Akakata hela ya kioo kwenye malipo. Suka hakusema kitu, nami sikusema kitu.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Kulikuwa na mzigo wa mabomba, mvua kidogo, kamba nilizokaza mara mbili kwa hasira. Giza lilipoingia suka akapunguza mwendo karibu na kwangu, hasimami, ni mazoea yetu. Nikaruka nikielekea kule lori linakokwenda, maana mwili nao una kasi ya lori na lazima uimalize kwa hatua. Huwa nakimbia tatu. Leo nimekimbia mbili, ya tatu goti likakataa, nikaimalizia kwa viganja.